Aliyekuja Kuomba Moto

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu ya jioni, siku tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Adhana ya Magharibi ndiyo kwanza inaanza kwenye msikiti wa nyuma yetu. Naandika siku na saa kwa sababu najua utasema niliota, na aliyelala hajui saa. Mimi nilikuwa macho, nimesimama kwenye ngazi za nyumba yetu, nimeshika chetezo chenye makaa mekundu. Na kama ningekuwa nakutungia, si ningejiweka pazuri? Humu ndani mwenye kosa ni mimi.

Nianze na bomba, maana bila ya bomba hakuna kisa.

Tunakaa Mji Mkongwe, nyumba nyembamba iliyopanda juu. Chini ni ukumbi na uwa mdogo, hakuna anayelala. Ghorofa ya kwanza analala Mjomba. Ghorofa ya juu, chini ya dari ya wazi, kuna jiko, chumba changu na Mama, na chumba cha Bibi. Bibi alivunjika nyonga mwaka juzi, na tangu siku hiyo hajashuka ngazi. Jua hilo tu: Bibi hashuki ngazi.

Kila gesi ikimalizika, Mjomba hubeba mtungi mpya begani mpaka juu, anahema kama kapanda mlima. Ndipo akapata wazo. Mtungi ukae chini uwani, gesi ipande yenyewe kwa bomba la shaba, ifuate ukuta wa ngazi mpaka jikoni. Fundi wa Ng'ambo alikuwa ameahidi kuja kesho, na kesho yake ilikuwa na wiki tatu. Kazini kwa Mjomba walifunga viyoyozi, kukabaki bonge la bomba la shaba limekunjwa kama jalebi. Wakampa.

"Fundi wa nini na mikono ninayo?" alisema.

"Mikono unayo," Mama akamjibu, "ndiyo ile iliyotengeneza feni ikawa inavuta joto."

Mjomba akacheka, akafungua simu, akatazama video moja mara nne. Akaniita mimi nimsaidie kwa sababu mkono wangu mdogo. Na kwa sababu, nadhani, mimi sibishi.

Shaba mpya ni nzuri, nakwambia. Nyekundu, inang'aa, laini mpaka unaikunja kwa mkono. Harufu yake inabaki vidoleni kama umeshika sarafu za kale. Kazi yenyewe ni hivi: unakata bomba, unaingiza nati, kisha unapanua mdomo wa bomba uwe kama mdomo wa tarumbeta. Ule mdomo ndio unaobanwa na nati, gesi isipate pa kupita. Nati inaingia kwanza. Mara mbili Mjomba aliisahau, akapanua mdomo vizuri kabisa, akautazama kwa mapenzi, halafu akaiona nati iko sakafuni.

"Usimwambie mama yako," alininong'oneza.

Ngazi zetu zinapiga kona katikati, baina ya ghorofa ya kwanza na ya juu. Kwenye kona hiyo kuna kidaka cha zamani ukutani, kile kishimo cha kuwekea taa, ila hiki ni kirefu kinaingia ndani, na kilikuwa kimezibwa kwa ubao tangu mimi sijazaliwa. Mjomba aliuvunja ule ubao ili bomba lipite. Ndani kulikuwa kweusi kwa masizi. Pale ndipo vipande viwili vya bomba vilipokutana, na mkono wake haukuingia. Wangu uliingia.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nilipoishika nati niliuona mdomo wa bomba. Ulikuwa na ufa. Mwembamba, wa unywele, lakini ufa. Nikataka kusema. Mjomba alikuwa anatoka jasho, kipande hicho alishakirudia mara ya tatu, na bomba linakwisha.

"Kaza, mama, kaza," akaniambia.

Nikakaza.

Pia ndani ya kidaka kile mlikuwa na baridi. Baridi ya kukupulizia, kama mtu anakuhemea mkononi. Niliutoa mkono wangu haraka.

Jumatano tukapima. Kupima gesi ni kwa povu la sabuni: unapaka kwenye maungio, unamulika, ukiona mapovu yanavimba basi panavuja. Mjomba alikuwa chini uwani kwenye mtungi, mimi napanda na sifongo na tochi. Pa kwanza sawa. Pa pili sawa. Nikafika kwenye kidaka, nikasimama.

"Kuna povu?" akapiga kelele kutoka chini.

Sikuweza kuutia mkono. Na ningesemaje? Kwamba mimi, wa kidato cha tatu, naogopa shimo la ukutani?

"Hamna!"

"Umetazama vizuri?"

"Naam!"

Sikutazama kabisa.

Sasa utaniuliza, kwa nini sikusema baadaye? Wewe huenda ni katika wale wanaosema tu, hujui ilivyo. Mimi siku ya kwanza ya sekondari niliingia darasa silo, nikakaa somo zima kwa haya ya kuinuka. Nyumbani wageni wakipiga hodi nami niko peke yangu, najibana kimya. Unajua desturi: hodi tatu, usipoitikiwa unakwenda zako. Basi mimi nahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nasikia viatu vinaondoka, ndipo navuta pumzi. Mama anasema nikiachwa peke yangu, nyumba inageuka gofu.

Alhamisi asubuhi Bibi alisema kuna kitu kimeoza.

"Panya kafia ukutani," Mama akasema. Alikuwa na mafua yamemziba pua, sauti inatoka puani. Mjomba alinusa jikoni, akanusa kwenye jiko lenyewe, hakusikia kitu, akaenda kazini. Niliporudi skuli nikafungua mlango wa barabarani, harufu ikanipiga: kabichi iliyooza. Mwalimu wetu alishatufundisha kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi, inateremka, inatambaa chini na kutuama kama maji. Nilijua. Niamini, nilijua pale pale mlangoni. Nikapanda, nikavua viatu, nikakaa kitandani na daftari hili, nikaandika kuhusu mambo mengine.

Sisi kila Alhamisi jioni tunafukiza nyumba. Pengine na kwenu ni hivyo. Chetezo kinaanzia mlango wa barabarani, kinapanda ngazi moja moja mpaka juu, ili heri iingie na kila kibaya kitoke.

"Leo ntatia ubani mwingi na udi," Mama alisema, akishuka kutoka darini na makaa aliyoyawasha kwenye jiko la mkaa. "Huyo panya atajikimbilia mwenyewe." Akapanga makaa matano kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, moshi ukapanda. "Haya, anzia chini mlangoni. Mimi naswali. Na Mjomba wako kenda msikitini, umefunga komeo?"

"Nshafunga."

Kweli nilifunga, kwa mkono wangu, mara tu alipotoka.

Nikaanza kuteremka. Moshi wa ubani ulinijaa usoni, harufu ya kabichi sikuisikia tena, na niseme ukweli, nilifurahi. Nilijiambia labda ni panya. Nilitaka sana awe panya. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini yangu kulikuwa kiza, na mimi nakwenda huko na moto mkononi.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Ya adabu, ya mtu anayeijua nyumba. Lakini hodi hupigwa nje, sivyo? Hii ilitoka ndani, chini ya ngazi, upande huu wa komeo.

Nilifanya nifanyavyo siku zote. Niliganda. Moja, nikahesabu.

"Hodi."

Hii ilikuwa kwenye kona, kwenye kidaka. Na ngazi hazikulia. Ngazi zetu ni mbao kuukuu, zinalia hata paka akipanda. Mwanamke akatokeza kwenye kona, taratibu, kama anayeibuka majini. Mfupi, kanga kichwani imepauka maua hayaonekani, miguu mitupu. Makaa yangu yalikuwa yanatia wekundu kwenye ukuta, kwenye mbao, kwenye nguo yangu. Yeye hayakumtia kitu. Mikono yake mpaka kwenye vifundo ilikuwa ya kijani, ile kijani ya shaba ya zamani iliyolowa miaka.

Alinitazama, akatazama chetezo.

"Nyumba hii bado watu hawaitiki?"

Neno hilo "bado" lilinisimamisha nywele. Sikujibu. Nyuma yangu nasikia Mama anasoma sura kwa sauti ya mafua, karibu kabisa, na sikuweza hata kumwita.

Mwanamke yule akajisogeza ukutani. Kama mtu anayekupisha. Nikaona ngazi zote zilizobaki, tupu, mpaka chini kizani. Nikafahamu, usiniulize nimefahamu vipi, kwamba akishapiga ya tatu nisipoitika, atakwenda zake. Nami nitateremka.

"Hodi," akasema. Polepole, kama amechoka.

"Karibu."

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nyembamba, imepasuka, lakini yangu.

"Ahsante, mwanangu. Nimekuja kuomba moto."

Nikanyoosha chetezo. Wewe ungefanyaje? Akachukua kaa la kwanza kwa vidole vyake, kama unavyochukua tende sahanini. Likazimika. Halikulia wala halikutoa moshi, lilikuwa jekundu likawa jeusi. La pili. La tatu. La nne. La tano akalifumbata. Kiza kikaja. Kisha akanishika kifundo cha mkono, na baridi ile nikaijua, ni ile ya ndani ya kidaka. Akaniinamia sikioni, ananuka sarafu.

"Na ile nati, mbona hukuitazama?"

Akaniachia. Sikusikia akishuka.

Moshi wa ubani ukakatika pamoja na makaa, na harufu ikapanda. Si panya. Gesi, nzito, imejaa chini yote na sasa inanifika miguuni.

Nyuma yangu Mama alimaliza sala. "Mbona kiza huko? Ngoja nkuwashie taa."

Nikageuka, nikamwona kwenye mwanga wa dirisha, na kanga yake ya kusalia, mkono unakwenda kwenye swichi.

"Usiwashe!"

Sijawahi kumpigia Mama kelele. Hata siku moja. Nilipanda ngazi tatu kwa mruko mmoja, nikaupiga mkono wake. Akanitazama kama nimerukwa na akili.

"Gesi, Mama. Bomba linavuja kwenye kidaka. Mjomba aliniuliza nikasema hamna povu. Sikutazama, Mama. Sikutazama."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alitazama mlango wa chumba cha Bibi.

"Bibi yako hashuki ngazi," alisema, kwa sauti ndogo.

Mtungi uko chini, na gesi iko chini, na hakuna njia nyingine. Mama akakimbilia madirisha. Mimi nikashuka. Simu sikuchukua, tochi sikuchukua, mkono ukutani tu. Kwenye kona nilisikia bomba linapuliza, sauti ya mtu anayejisomea peke yake. Nikapita. Chini niliziba pua na mdomo kwa mtandio, kichwa kinazunguka, nikapapasa uwani mpaka nikaupata mtungi, nikafunga koki mpaka mwisho. Kisha nikaondoa komeo, nikafungua mbao zote mbili za mlango, nikaanguka uchochoroni.

Mjomba alikuwa anatoka msikitini, simu inamulika mbele yake.

"Zima simu, Mjomba," nikamwambia. "Usiingie."

Alinisikiliza. Nadhani kwa sababu hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi kiasi hicho.

Tulikaa bila taa mpaka baada ya Isha, milango na madirisha wazi, upepo unaingia. Mama alikuwa kitandani kwa Bibi amemshika mguu kama vile atakimbia. Nikawasimulia. Mjomba alisema ni gesi, gesi inapanda kichwani, inaonesha watu mambo. Nilimpa chetezo. Kilikuwa kitupu, hata majivu hamna.

Bibi akasema, "Nipe mkono."

Taa ilikuwa imeshawashwa. Kwenye kifundo changu kulikuwa na alama ya kijani imezunguka kama bangili. Bibi aliipitishia kidole.

"Ulimwitikia?"

"Naam, Bibi."

Akaanza kulia. Sijapata kumwona Bibi analia, hata alipovunjika. Alisema alipoletwa nyumba hii alikuwa biharusi, na ghorofa ya kwanza alipanga mtu na mkewe, kazi yao kupaka bati masufuria ya shaba. Mke akiitwa Bi Mize, mikono yake ya kijani kwa kazi ile.

"Ilikuwa masika, moto wao umezimika," Bibi alisema. "Akapanda kuniomba moto. Mimi biharusi wa wiki mbili, namwonea haya hata paka. Nikakaa nyuma ya mlango namsikia. Hodi tatu. Nikanyamaza. Akateremka, akamimina mafuta ya taa kwenye makaa aliyodhani yamekufa." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Masizi ya kidaka kile ni ya moto uliomuua siku ile. Miaka yote hii nafukiza ubani kila Alhamisi, hajanijia mimi. Kakujia wewe."

Mjomba hakusema tena gesi.

Alama hiyo ninayo mpaka leo ninapoandika. Nimeisugua kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua shaba, na haitoki. Skuli wanadhani ni bangili ya kununua Darajani imenichujia rangi, na mimi nawaacha wadhani. Na fundi aliyekuja kukata kile kipande chenye ufa alikishika muda mrefu, akauliza tulikifunga lini. Mjomba akasema majuzi. "Majuzi ya nani?" fundi akasema. "Hii kutu ya miaka hamsini." Bomba zima lilikuwa jekundu linang'aa, ila pale kwenye nati lilikuwa la kijani, kijani ya vidole vitano vilivyofumbata. Nadhani Bi Mize alikuwa ameliziba alivyoweza, tangu Jumatano, na kwa mkono mmoja hakuliweza lote.

Wewe usiniamini ukitaka. Lakini ukiulizwa kama kuna povu, tazama kwanza. Na mtu akipiga hodi, umwonee haya usimwonee, muitikie. Hujui amekuja kuomba nini, wala hujui ukimnyamazia utakuwa umenyamazia nini.

Ijumaa asubuhi niliamka kabla ya wote. Koki ilikuwa imefungwa, hakukuwa na hatari. Nikachukua tochi nikaenda kwenye kona, nikakunja mkono wa nguo, nikautia mkono wangu ndani ya kidaka mpaka begani. Hamkuwa na baridi. Nikapapasa nyuma ya bomba, vidole vikagusa kitu chepesi. Nikatoa kimoja, nikatoa vingine. Makaa matano, yamezimika, yamepangwa mstari.

Mjomba alinikuta nimekaa kwenye ngazi nayo kwenye kanga yangu. Nikamwambia na lile lililobaki, kwamba ufa niliuona siku ile ile ya Jumanne.

Alikaa ngazi ya chini yangu.

"Na mimi niliuona," akasema. "Niliona haya kuanza tena."

Tukatazamana. Juu Mama alikuwa anakoroga uji kwenye jiko la mkaa, Bibi anamwelekeza kutoka kitandani. Ndipo tukasikia mlangoni, nje, upande wa barabara, sauti ya mwanamme, nene, ya mtu wa kesho aliyefika wiki tatu baadaye:

"Hodi!"

Mjomba alifungua mdomo. Jikoni mwiko ukasimama. Yeye na Mama walikuwa wananingoja mimi ninyamaze, kama kawaida.

"Karibu!" nikaitika, hodi ile ile ya kwanza, kwa sauti iliyofika uchochoroni, na nikateremka mwenyewe kufungua komeo, ngazi zinalia moja moja chini ya miguu yangu.